Kuacha kazi ya ualimu kabla hujapata nyengine: anza hapa, hatua kwa hatua

Kila muhula ukikaribia kufungwa simu za walimu wa Mombasa zinaanza. Mmoja yuko Kisauni, mwengine Likoni, mwengine Changamwe na mshahara wake umechelewa tena, na maswali ni yale yale: nataka kuacha na sina kazi nyengine mkononi, naanzia wapi, notisi ni siku ngapi, loni (mkopo) ya sacco, yaani chama cha akiba na mikopo, itakuaje, nambari yangu ya TSC (tume ya serikali inayoajiri na kusajili walimu) itafutwa? Nimeona niyaandike yote mahali pamoja ili mwalimu akiuliza apate jibu kamili, sio nusu nusu kwa simu.

Sitakwambia uache wala usiache. Hilo ushalala nalo usiku mwingi na sababu zako unazijua mwenyewe. Nnachotaka ni usitoke mikono mitupu, manake walimu nnaowaona wakiteseka wengi hawateseki kwa kuacha kazi, wanateseka kwa namna walivyoacha. Mtu ameudhiwa Ijumaa, Jumatatu hakurudi, baadaye ndo anakumbuka cheti chake cha diploma kimefungiwa kabati la ofisi, mshahara wa mwisho umezuiliwa, na mwenzake aliyemdhamini sacco ameanza kukatwa.

Mengi hapa ni ya walimu wa skuli za kibinafsi na wale walioajiriwa na BOM (bodi ya skuli ya serikali). Wa TSC nimewawekea sehemu yao kule chini, soma hatua zote kisha uende huko.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kontrakti yako au barua ya kuajiriwa. Kama hukupewa, tafuta chochote kinachoonyesha unafanya kazi pale: peislipi, ujumbe wa M-Pesa wa mshahara, barua ya kukupangia vipindi.
- Peislipi za miezi 6 ya mwisho.
- Vyeti vyako HALISI, sio kopi.
- Nambari zako zote: TSC, NSSF (mfuko wa pesa za uzeeni), SHA (bima ya afya ya serikali), PIN ya KRA (mamlaka ya kodi) pamoja na neno la siri la iTax, tovuti yao (wengi walifunguliwa iTax na jamaa wa saiba, duka la intaneti, na mpaka leo neno la siri analo yeye).
- Taarifa ya sacco inayoonyesha akiba, loni iliyobaki, na majina ya watu uliowadhamini.
- Email yako binafsi. Kama mambo yako yote yako kwa email ya skuli, siku wakiifunga umepotea.
- Daftari moja la kuandika tarehe, nani alisema nini, na nani alipokea barua gani.

Usianze kabla hujapata angalau vitano katika hivyo. Na bado usimwambie mtu yeyote stafrumu (chumba cha walimu). Stafrumu haina siri, ukimwambia mmoja saa nne ya chai, saa nane dairekta anajua.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mwezi mmoja wa kweli

Usihesabu mshahara, hesabu matumizi ambayo hayawezi kusimama hata usipokua na kazi. Tuchukue mfano wa mwalimu anayekaa Bamburi na mtoto mmoja:

- Kodi ya nyumba 8,000
- Chakula 11,000
- Maji, stima na gesi 3,000
- Loni ya sacco 5,000
- Karo ya mtoto ikigawanywa kwa mwezi 4,000
- Nauli na simu 2,000
- SHA 500

Jumla ni 33,500. Hiyo ndo nambari yako, iandike mbele ya daftari. Kosa la watu ni kusahau vitu vinavyokuja mara moja kwa muda: sare ya mtoto, Idi au Krismasi, maji ya mfereji yakikatika wiki nzima ununue ya mkokoteni kila siku. Mombasa maji peke yake yanaweza kukuharibia hesabu, kwa hivyo pale kwenye maji weka zaidi ya unavyodhani.

Hatua ya 2: Weka akiba ya muhula mmoja na mwezi mmoja juu yake

Watu huuliza miezi mingapi inatosha. Wengine watakwambia mitatu, mimi nasema kwa mwalimu mitatu haitoshi, na sababu ni kalenda yetu. Skuli zinaajiri zaidi muhula ukianza, na nafasi nyingi ni Januari. Ukikosa mlango wa muhula huu unangoja ule mwengine, ni kama miezi minne hivi, halafu hata ukipata kazi mshahara wa kwanza unaingia mwisho wa mwezi. Minne na mmoja ni mitano. Kwa mfano wetu ni 33,500 mara 5, yaani 167,500.

Najua ni pesa nyingi kwa mshahara wa mwalimu. Kama huna zote, usikate tamaa, una njia tatu: punguza nambari yenyewe (kuhamia nyumba ya bei nafuu KABLA ya kuacha, sio baada, kwa sababu mwenye nyumba mpya atataka kuona kazi), anza kipato kidogo cha pembeni ukiwa bado kazini, ama sogeza tarehe muhula mmoja mbele. Mwalimu anayeumwa kwa sababu ya kazi, au anayefanyiwa mambo yasiyofaa pale skuli, huyo namwambia atoke hata na akiba ya miezi miwili, afya hainunuliwi. Lakini kama ni uchovu tu na unaweza kustahimili muhula mmoja zaidi, vumilia ujaze akiba.

Akiba hiyo iweke mahali usipoifikia kwa kidole, sio kwa M-Pesa ya kawaida.

Hatua ya 3: Soma kontrakti, tafuta mambo manne

Notisi, likizo, malipo ya wakati wa kufunga skuli, na adhabu.

Sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema mtu anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi ya siku 28 au zaidi. Hiyo ndo ya chini kabisa. Kontrakti yako ikisema mwezi mmoja au muhula mzima, hiyo ya kontrakti ndo inayotumika, na skuli nyingi za kibinafsi zinapenda kuandika muhula mzima. Ukitaka kutoka bila kutumikia notisi, unawalipa mshahara wa siku hizo. Na wao wakikwambia "usirudi kesho" baada ya wewe kutoa notisi, basi wao ndo wanakulipa siku zilizobaki, isipokua mmekubaliana vyengine. Hili la mwisho walimu wengi hawalijui, wanafukuzwa siku ya pili na wanaondoka kimya kimya bila kudai.

Likizo: sheria inakupa siku 21 za kazi kwa mwaka, na malipo yake kamili. Skuli nyingi zinahesabu likizo ndani ya ile mapumziko ya Aprili, Agosti na Disemba kwa hivyo usitegemee pesa nyingi hapo, ila angalia.

Hatua ya 4: Madeni. Hapa ndo ukae sana

Loni ya sacco inakatwa kwa mshahara. Mshahara ukisimama makato yanasimama, lakini deni halisimami. Miezi michache ikipita bila malipo sacco inawaandikia wadhamini wako, na wao ndo wanaanza kukatwa. Hawa ni walimu wenzako wenye watoto kama wewe, waliokuwekea sahihi kwa imani. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa hili, na ni jambo linalozuilika kwa barua moja.

Fanya hivi. Nenda sacco yako mwenyewe, iwe ni Mwalimu National, Imarika au nyengine, kabla hujatoa notisi. Waulize mambo haya na uandike majibu:

Moja, naweza kulipa mwenyewe kwa benki au M-Pesa kila mwezi, na kiasi kinaweza kushushwa kwa kurefusha muda? Mara nyingi wanakubali ukienda mapema, ukienda ushakosa malipo mazungumzo yanakua mengine.

Mbili, akiba yangu inaweza kufunika loni? Kuna watu wana akiba ya 180,000 na loni iliyobaki ni 120,000, wanahangaika bure. Ukijitoa uanachama sacco inakata loni kwa akiba na kukupa kinachobaki, kwa kawaida baada ya notisi ya siku 60. Ila ile pesa ya hisa huwa hairudishwi, inauzwa kwa mwanachama mwengine. Na kujitoa sio lazima, unaweza kubaki mwanachama hata bila kazi.

Tatu, nimewadhamini kina nani? Kama umedhamini mtu na loni yake haijaisha, akiba yako imefungwa mpaka apate mdhamini mwengine. Usipange kutumia akiba ya sacco kama pesa ya kuishi kabla ya kuuliza hili, nimesema tena kwa sababu ndo mtego mkubwa kuliko yote.

Benki: hali ni hiyo hiyo, ongea nao mapema. Bima inayokua ndani ya loni mara nyingi inalipa mtu akifa au akilemaa, kuacha kazi kwa hiari haimo. HELB (mkopo wa serikali wa masomo ya chuo): kama mwajiri ndo alikua anakukatia, wajulishe mwenyewe kwamba umetoka na mpange namna ya kulipa, usingoje faini.

Loni za simu zimalize zote kabla ya barua, hata zile ndogo. Ukikosa kulipa jina linaweza kwenda CRB (wanaoweka rekodi za wasiolipa madeni) na siku ukihitaji mkopo wa kweli unakataliwa.

Hatua ya 5: Mtoto wako akisoma hapo hapo

Walimu wengi wa skuli za kibinafsi watoto wao wanasoma pale pale kwa nusu karo, wengine bure kabisa. Siku unatoka, karo inarudi kamili. Kaa na mwenzako nyumbani muamue mapema: mtoto atabaki mlipe kamili, au atahama. Kama atahama, mhamishe muhula ukifunga, na hakikisha rekodi yake imehamishwa kwa mfumo wa serikali wa rekodi za wanafunzi kutoka skuli ya zamani, hilo linataka mkono wa ofisi ile ile unayoiacha, kwa hivyo lifanye mkiwa bado mnasalimiana vizuri. Na mwambie mtoto. Watoto wanasikia kwa wenzao kabla hawajasikia kwako.

Nyumba ya skuli pia ni hivyo, kama unakaa kwa nyumba yao tafuta kwengine kwanza.

Hatua ya 6: Chagua siku ya kutoka

Tarehe nzuri kwa wengi ni 31 Disemba, ukatoa notisi mwisho wa Novemba au mapema zaidi kulingana na kontrakti. Mitihani imekwisha, darasa lako limefika mwisho, na mshahara wa Disemba umeupata. Lakini tahadhari: kama skuli yako hailipi miezi ya kufunga, notisi ya Disemba nzima haikupi kitu, basi panga siku ya mwisho iwe siku ya kufunga muhula.

Usitoke katikati ya muhula wa tatu ukiwa na Gredi ya 9 au kidato cha nne. Nasema hivi sio kwa ajili ya skuli, ni kwa ajili ya wale watoto, mwalimu mpya akiingia Septemba hawezi kuwajua kabla ya mtihani. Na sisi wa Mombasa tunajuana, mzazi wa leo ndo atakayekuletea mtoto wa tuisheni kesho.

Hatua ya 7: Toa vyako ndani kwanza

Kabla ya barua kugusa meza ya mtu yeyote:

Chukua vyeti vyako halisi. Skuli nyingine zinashikilia vyeti ati ni dhamana. Ni mali yako, omba kwa adabu, sema unavihitaji, weka sahihi ya kupokea. Pakua peislipi na P9 (fomu ya mshahara na kodi uliyokatwa mwaka mzima). Toa kwa kompyuta ya skuli maandishi yako ya masomo, skimu za kazi na mitihani uliyotunga mwenyewe. Usichukue orodha ya simu za wazazi wala rekodi za wanafunzi, hizo sio zako na sheria ya ulinzi wa data iko.

Hatua ya 8: Andika barua, fupi

Barua ya kuacha kazi sio mahali pa kumwaga moyo. Usitaje mabaya ya dairekta, usitaje nani alikukosea. Itakaa kwa faili yako miaka na mwajiri mwengine anaweza kupiga simu kuuliza. Mfano, unaweza kuigeuza kwa Kiingereza ikiwa ndo lugha ya ofisi yenu:

> Tarehe 27 Novemba
>
> Kwa Dairekta,
>
> YAH: KUACHA KAZI
>
> Natoa notisi ya kuacha kazi ya ualimu kulingana na kontrakti yangu. Siku yangu ya mwisho itakua tarehe 31 Disemba.
>
> Nitakabidhi rekodi za darasa na vifaa vya skuli kabla ya siku hiyo. Naomba mshahara wangu wa mwisho, malipo ya siku za likizo zilizobaki, P9 na cheti cha utumishi.
>
> Nashukuru kwa nafasi niliyopewa.
>
> (jina, sahihi, nambari ya TSC)

Chapisha nakala mbili. Moja wape, ya pili wakupigie muhuri na tarehe ya kupokea, hiyo ikae nyumbani. Wakikataa kupiga muhuri itume kwa email siku hiyo hiyo. Ujumbe wa WhatsApp peke yake usiutegemee.

Mwambie mkuu wako uso kwa uso kabla ya kumpa barua, dakika tano tu. Atauliza unaenda wapi. Jibu la kweli linatosha: "Napumzika kidogo mwalimu, nipange mambo yangu." Huna haja ya kubuni kazi isiyokuepo.

Hatua ya 9: Kabidhi kila kitu kwa maandishi

Vitabu vya maktaba, laptopu au tableti, funguo, rejista ya darasa, rekodi za kazi, alama za tathmini za darasani zinazopandishwa kwa tovuti ya KNEC, baraza la mitihani. Hizi alama ndo zinaleta simu baada ya wewe kuondoka, kwa hivyo zimalize na upate mtu wa kuthibitisha. Andika orodha, kila kitu na hali yake, anayepokea aweke sahihi. Kitabu kimoja kilichopotea kinaweza kuzuia fomu yako ya kliarensi, ile ya kuonyesha hudaiwi kitu, mwezi mzima.

Hatua ya 10: Dai chako

Siku ya mwisho unatakiwa kupata mshahara wa siku ulizofanya kazi, siku za likizo ambazo hukuzitumia, na cheti cha utumishi. Hiki cheti sio hisani. Mtu aliyefanya kazi zaidi ya wiki nne mfululizo sheria inamtaka mwajiri ampe, kiandikwe jina la mwajiri, kazi uliyofanya, tarehe ya kuingia na kutoka. Sio barua ya kukusifu, hiyo ni tofauti na mwajiri hana lazima ya kuiandika.

Kama skuli haikuwahi kukulipia NSSF wala pensheni yoyote, una haki ya kudai malipo ya utumishi, kawaida yanahesabiwa siku 15 kwa kila mwaka uliotumika. Ingia kwa akaunti yako ya NSSF uangalie michango kama ilifika kweli. Peislipi kuonyesha makato sio ushahidi kwamba pesa zilifika.

Hatua ya 11: Wiki ya kwanza nje, ofisi kwanza

SHA. Ukiwa kazini ulikua unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Ukitoka unakua kwenye kundi la wasio na mshahara, unajaza maswali ya kupima uwezo wako kisha unaambiwa kiasi, na cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi ila kinalipwa cha mwaka mzima pamoja, yaani 3,600. Anza kwa *147# na ukikwama nenda Huduma Centre. Ukiwa na mja mzito nyumbani au mtoto mwenye sukari, hili lifanye kabla ya yote.

KRA. Ritani ya kodi ni mpaka tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata. Hapa watu wanakosea kila mwaka: ulifanya kazi Januari mpaka Agosti, umekaa bila kazi miezi iliyobaki, unapeleka ritani ya sufuri. Hapana. Mwaka huo ulikua na kipato, unatumia P9. Ritani ya sufuri ni ya mwaka ambao hukupata kitu kabisa, na hiyo pia LAZIMA uipeleke, ukichelewa faini inaanzia 2,000.

NSSF pesa hazitoki kwa sababu umeacha kazi, ni za uzeeni, usiziweke kwa hesabu.

Hatua ya 12: Kipato cha kati

Mwalimu haachi kujua kufundisha. Tuisheni ya nyumbani iko Nyali, Kizingo, Tudor, mpaka Mtwapa, na inashika moto kabla ya mitihani. Hisabati na sayansi zinatafutwa sana. Kiswahili kwa wageni wanaokaa pwani pia kipo, na wengi wanataka saa moja ya mazungumzo tu asubuhi. Wengine wanachukua watoto wa madrasa jioni. Chukua wanafunzi wachache uwafundishe vizuri, wazazi watakutangaza wenyewe.

Onyo: kontrakti nyingine zinakataza kuchukua wanafunzi wa skuli unayoiacha. Soma. Na hata isipokataza, usianze kuwavuta ukiwa bado unatumikia notisi.

Panga mapema cheti cha tabia njema kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, skuli nyingi zitakiuliza ukirudi kutafuta kazi na foleni za alama za vidole hazina huruma.

Wewe wa TSC

Kwako pole pole zaidi, manake kurudi sio rahisi, nafasi zikitangazwa mnapanga foleni na walimu wengi mno waliosubiri miaka. Kabla ya kujiuzulu uliza kuhusu uhamisho, na uliza kuhusu ruhusa isiyo na malipo. Wengi wakipata uhamisho kutoka kule walikopelekwa wanagundua hawakuchoka ualimu, walichoka umbali.

Ukiamua, barua inapitia kwa mkuu wa skuli na ofisi ya TSC ya kaunti, na unangoja jibu la kukubaliwa kabla ya kuondoka. Kutoweka bila barua ni utoro wa kazi, ni kosa la nidhamu na linaweza kukupeleka hadi kufutwa kwenye rejista ya walimu. Kujiuzulu kwa utaratibu hakufuti nambari yako.

Pensheni uliza kwa maandishi. Mpango mpya wa kuchangia ulianza Januari 2021, na michango yako mwenyewe ni yako. Ukiwa kwenye ule mpango wa zamani na hujafika miaka 50, kujiuzulu kunaweza kukupotezea yote, kwa hivyo usiandike mstari hata mmoja kabla hujaelezwa uko upande gani. Jaza pia ile fomu ya mwisho ya kutangaza mali ndani ya siku 30. Na mshahara ukiingia baada ya siku yako ya mwisho usiuguse, ni deni, watakuja kuudai.

Ukikwama

*Wamezuia mshahara wa mwisho.* Andika barua ya kudai, ambatisha nakala ya notisi yenye muhuri na orodha ya makabidhiano, wape siku 14. Wasipojibu nenda ofisi ya leba ya serikali, malalamiko hayalipiwi. Muda wa kwenda kortini ni miaka 3 lakini usingoje, rekodi zinapotea na mhasibu aliyekujua anahama.

*Wanashikilia vyeti.* Barua kwanza, kisha leba. Usiende kugombana langoni mbele ya wanafunzi.

*Sikuwahi kupewa kontrakti.* Bado wewe ni mwajiriwa. Toa notisi ya siku 28, ushahidi wako ni peislipi na jumbe za M-Pesa.

*Nishaondoka bila notisi.* Andika leo. Barua fupi ya kueleza tarehe uliyoondoka, omba mkae mhesabu: mshahara wanaokudai wa notisi na siku wanazodaiwa na wewe. Mara nyingi zinakutana katikati na unapata cheti chako.

*Wazee nyumbani hawaelewi.* Mzee aliyekusomesha kwa kuuza samaki Kongowea ataona umetupa mkate. Usimpelekee maelezo ya uchovu, mpelekee daftari: hii akiba, hii loni nimepanga hivi, hii SHA nishalipa. Mpe siku kadhaa halafu rudi tena mzungumze.

*Miezi mitatu imeisha na sina kitu.* Rudi kwa ile nambari ya hatua ya 1, ikate tena, na chukua nafasi ya kushikilia ya muhula mmoja, ile ya mwalimu aliye likizo ya uzazi. Zinatoka wiki ya kwanza ya kufungua skuli, kwa hivyo peleka sivi yako kwa mkono wiki moja kabla, wakati mkuu yupo ofisini anapanga ratiba na ameona pengo liko wapi.